Dirisha Linalia: Maji, Sakitu na Upepo Kwenye Madirisha ya Winnipeg

Theluji ikishakaa chini wiki mbili tatu, simu yangu huanza kuita jioni. Mpigaji ni Mswahili mwenzangu, salamu zinakwenda haraka kuliko kawaida, kisha: "Fundi, dirisha langu linatoa maji." Mimi nafunga madirisha hapa Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada. Useremala niliuanzia Mombasa, kwenye karakana ambako dirisha lilikuwa luva, nondo na wavu wa mbu, na sifa yake ilikuwa kupitisha upepo. Huku mambo yamegeuka. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, usiku wa -30 haushangazi mtu, na rekodi ya mji, iliyowekwa Desemba 24, 1879, ni -47.8. Ndani watu wanataka 21. Kuna usiku tofauti kati ya uso mmoja wa dirisha na mwingine inapita nyuzi 50, na unene wote ulio katikati haufiki upana wa vidole vitatu.

Mtu akinipigia simuulizi dirisha ni la kampuni gani wala lina miaka mingapi. Namuuliza: maji yako wapi? Upande wa chumbani, katikati ya vioo, au nje? Yametanda kioo kizima au yamejikusanya chini? Chumba kimoja au nyumba nzima? Ghorofani au chini? Akinijibu hayo, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi ameokoa fedha za kubadilisha madirisha yasiyo na kosa.

Maji upande wa chumbani, karibu kila dirisha

Hapa nitakaa, maana ndizo simu nyingi kuliko zote.

Ukitoa soda kwenye friji pale Mombasa ukaiweka mezani, chupa inalowa. Hakuna anayesema chupa inavuja. Maji yametoka hewani: hewa yenye joto imebeba mvuke, imegusa kitu baridi, imeutema. Kioo cha dirisha wakati wa baridi ni ile chupa. Basi kuna mambo mawili tu ya kupima: hewa ya nyumba imebeba mvuke kiasi gani, na kioo kina baridi kiasi gani.

Chukua chumba cha nyuzi 21. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 40, chochote chenye nyuzi 7 kwenda chini kitalowa. Ukiwa asilimia 30, kitu lazima kishuke hadi karibu nyuzi 3 ndipo kilowe. Ukiwa asilimia 20, lazima kiwe chini ya sifuri, na hapo huoni maji tena bali sakitu, ule ubarafu mweupe unaochora majani kwenye kioo.

Sasa upande wa kioo. Nje kukiwa -30, uso wa ndani wa kioo kimoja kitupu hushuka hadi karibu -15. Vioo viwili vya zamani visivyo na mpako wowote, kama 3. Vioo viwili vyenye mpako mwembamba wa metali na gesi ya agoni katikati, kama 12. Vioo vitatu vya namna hiyo, kama 16. Hiyo ni hesabu ya katikati ya kioo. Ukingoni baridi ni kali zaidi. Soma tena namba hizo ukizilinganisha na zile za unyevu, utaona kwamba nyumba yenye vioo viwili vya zamani na unyevu wa asilimia 40 ni lazima ilie. Hata ukimleta fundi gani.

Msimu mmoja niliitwa na mama mmoja, mtu wa Tanga, anaishi na mwanawe na wajukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita uone, dirisha linalia tangu alfajiri. Mwambie baba watoto wako anunue mengine," akamwambia mkwewe wa kike bila kusubiri niangalie.

Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage, haina kifuniko, inachemka tangu asubuhi. Chini, kwenye besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, kamba mbili za nguo za watoto. Watu saba nyumbani. Feni ya bafuni ilikuwa imezibwa kwa gazeti lililokunjwa vizuri, kwa sababu "inaleta baridi". Nilitoa kipima unyevu mfukoni, kile kidogo cha bei ya chini ambacho kila nyumba ya huku ingefaa kuwa nacho, nikakiweka juu ya meza mbali na jiko, tukanywa chai. Kikatulia kwenye 52.

"Kwa hiyo kosa ni maharage yangu?" mama akauliza.

Nikamwambia maharage hayana kosa, kifuniko ndicho chenye kosa. Tukatoa gazeti. Feni ya bafuni ikawekwa iwake nusu saa baada ya kila mtu kuoga, ya jikoni wakati wote wa kupika, baada ya kuhakikisha inatoa hewa nje ya nyumba na si kuizungusha tu mle jikoni. Nguo zikahamia kwenye mashine ya kukausha, ambayo bomba lake pia nililikuta limechomoka nyuma, linamwaga mvuke wote ndani. Baada ya siku tatu kipimo kilikuwa 31, vioo vikavu isipokuwa pembe za chini. Sikuuza dirisha hata moja siku ile, ila maharage nilikula.

Kwa madirisha ya vioo viwili, kipimo ninachowaambia watu ni hiki: nje kukiwa kama -7, unyevu wa asilimia 40 unavumilika, kukiwa -18, shuka hadi 25 au 30, kukipita -29, hata 15 hadi 20. Ngozi itakauka, midomo itapasuka, ndiyo, lakini ukiweka mashine ya kuongeza unyevu usiku kucha chumba cha mtoto, asubuhi usishangae kioo. Maji yakizoea kutuama kwenye kizingiti huleta kuvu nyeusi, mbao zinaoza, na kifua cha mtoto huyo huyo ndicho kitakachoumia.

Nyumba nyingi mpya zina mashine ya kubadilisha hewa: inatoa hewa chafu yenye mvuke na kuingiza ya nje, huku ikipokonya joto la ile inayotoka ili kuipasha inayoingia. Watu wetu huizima kwa kuona inakula umeme. Usiizime. Na nyumba ikiwa mpya kabisa, mwaka wa kwanza italia zaidi kwa kuwa zege na mbao bado zinakauka. Hata nyumba ya zamani hulia kidogo Oktoba, wakati inatoa unyevu iliounywa kiangazi. Vumilia wiki chache, fungua dirisha dakika tano kila asubuhi.

Kuna kosa moja la nyumbani lisilohusu unyevu. Nyumba za huku zina tundu la hewa moto sakafuni, chini ya dirisha, na liliwekwa pale makusudi ili hewa ipande na kuosha kioo. Ukiweka sofa juu yake, ukashusha na pazia zito la sherehe hadi chini, umekinyima kioo joto. Kioo kinapoa, kinalowa, nawe huoni mpaka siku unafungua pazia unakuta limegandia. Acha nafasi ya kiganja chini ya pazia, na mchana fungua.

Chumba kimoja tu, au ghorofani tu

Chumba kimoja: angalia nani analala humo. Watu wawili mlango umefungwa, pumzi za usiku mzima zinakwenda kwenye kioo. Acha mlango wazi kidogo, tazama siku mbili.

Ghorofani tu, na barafu imejazana kwenye mipira ya kuziba hewa ukingoni mwa dirisha badala ya kioo chenyewe: hiyo ni hewa inayotoka. Joto hupanda, hutafuta nyufa za juu, hutoka likiwa na mvuke wake, na mvuke unaganda njiani. Wakati huo huo baridi inaingizwa chini kujaza nafasi. Ndiyo maana utasikia upepo sebuleni ambako vioo ni vikavu, na ghorofani hakuna upepo lakini kuna barafu. Tiba ni mipira mipya na kukaza makomeo, juu kwanza.

Nyumba za kale zenye dirisha la mbao na dirisha la pili la nje zina somo lao. Sakitu ikiwa kwenye kioo cha nje, anayevujisha ni dirisha la ndani: hewa ya chumbani inapita na kugandia kule. Ziba la ndani. Sakitu ikiwa kwenye kioo cha ndani, dirisha la nje ndilo halifungi. Nimeona watu wakiziba la nje kwa silikoni wakati kosa liko la ndani. Barafu ikawa nene maradufu, na masika ikayeyukia ukutani.

Mstari wa maji chini ya kioo, basi

Vioo vya dirisha la kisasa hufungwa pamoja kiwandani, na katikati yao pembezoni kuna utepe unaovitenganisha. Zamani utepe huo ulikuwa alumini tupu, na alumini hupitisha baridi kama kijiko cha chuma kinavyopitisha joto la uji. Halafu gesi iliyo ndani, ikipoa, huteremka na kukaa chini. Vitu viwili vinakutana kwenye ukingo wa chini, na hapo ndipo panapolowa kwanza. Kwa dirisha ulilonalo hakuna la kurekebisha zaidi ya kupunguza unyevu na kupangusa. Kwa dirisha utakalonunua, uliza utepe ni wa nini. Ukijibiwa alumini, endelea na safari yako.

Duara la baridi katikati ya kioo

Hili huwachanganya hata mafundi. Pembe kavu, katikati kuna duara la ukungu au sakitu. Gesi ikipoa hunywea, vioo vinavutwa ndani, na katikati vinakaribiana mno. Agoni ikiwa imevuja miaka mingi bila hewa kuingia kujaza pengo, vioo huweza kugusana kabisa. Simama nje, tazama taswira ya mti au nyumba ya jirani kwenye kioo: ikipinda na kubonyea kama kwenye kijiko, umepata jibu.

Tatizo hili huletwa pia na safari. Calgary iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Winnipeg iko kama mita 240. Vioo vilivyofungwa kule juu vikishushwa huku, hewa nzito ya huku huvibana. Kama vinatoka mbali, muulize muuzaji vilifungwa wapi na vimesawazishwaje kabla hujalipa.

Ukungu katikati ya vioo, usiopangusika

Gundi ya pembezoni imekufa. Ndani ya ule utepe kuna punje za kunyonya unyevu. Zikishiba, ukungu hubaki pale na kuacha madoa meupe. Usikubali mtu akutobolee kioo "kukikausha". Na usikubali kuuziwa dirisha zima kama fremu ni nzima: hubadilishwa vioo tu. Tazama kwenye utepe kati ya vioo, mara nyingi kuna maandishi madogo ya kiwanda na tarehe. Yasome kabla hujapiga simu, dhamana inaweza kuwa bado hai.

Ukungu ukiwa upande wa nje wa kioo, asubuhi ya vuli, ukayeyuka jua likitoka, furahi. Maana yake joto la ndani halifiki nje.

Upepo unaousikia shingoni

Chukua kijiti cha udi. Washa feni ya jikoni na ya bafuni pamoja, funga milango ya nje, ili nyumba ivute hewa. Pitisha moshi taratibu kuzunguka dirisha, inchi kwa inchi, na uangalie moshi unavyofanya.

Moshi ukishuka wima mbele ya kioo kama maji, hakuna ufa. Hewa ya chumba imegusa kioo baridi, imekuwa nzito, inateremka kwenye shingo yako. Hapo mpira mpya hautasaidia kitu. Kinachosaidia ni kioo chenye joto zaidi, au, kwa mpangaji, ile karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa kwenye fremu upande wa chumbani na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Ni bei ndogo, na inafanya kazi kweli. Ibandike vizuri pande zote. Ukiacha mwanya, mvuke utaingia nyuma yake na utatengeneza bwawa.

Moshi ukirushwa ghafla mahali sehemu inayofunguka inapokutana na fremu, ni mpira au komeo. Fungia kipande cha karatasi kwenye dirisha kisha kivute: kikichomoka bila kukataa, mpira haubani. Madirisha ya bawaba yanayofungukia nje hubanwa na komeo, na upepo ukivuma huyasukuma yabane zaidi. Ya slaidi, yale ya kutelezesha, hayabanwi na kitu, yanategemea vinyweleo vya brashi, na vinyweleo huchoka. Ndiyo maana siweki slaidi nyumbani kwangu ingawa ni rahisi.

Moshi ukivutwa au kurushwa pale mbao za kupambia ukingo zinapokutana na ukuta, dirisha lenyewe halihusiki. Ni alivyoliweka fundi.

Unapoondoa ile mbao

Ng'oa mbao moja ya ukingo, taratibu, kwa patasi bapa. Kuna nafasi kati ya fremu ya dirisha na mbao za ukuta, na utakuta imesokomezwa pamba ya kioo. Ivute kipande. Ikiwa bado njano au waridi, sawa. Ikiwa nyeusi kama kitambaa cha kusafishia jiko, hiyo ni vumbi iliyochujwa na hewa iliyopita humo miaka yote. Pamba ya kioo hupunguza joto kupotea lakini haizuii hewa hata kidogo. Nimewahi kutoa pamba iliyoloweshwa na barafu, imeganda kama kipande cha mbao, Februari.

Tiba: toa yote, safisha, jaza foamu ya kopo ile isiyovimba sana, iliyoandikwa kuwa ni ya madirisha. Kuhusu hili nina deni la kukiri. Majira yangu ya kwanza ya kazi huku, nikiwa na kampuni nisiyoitaja, nilijaza foamu ya kawaida ya kuzibia matundu. Jioni ilionekana safi. Asubuhi fremu ilikuwa imebonyea ndani kama upinde pande zote mbili, dirisha halifungi, na mwenye nyumba amesimama na koti sebuleni. Tuliikata kwa kisu kirefu saa tatu nzima, nje -22.

Na kama dirisha linawekwa upya, haya ndiyo ninayoangalia, hata kwa kazi ya mwingine:

Liwekwe zima, fremu ya zamani itoke. Kuna wanaochomeka dirisha jipya ndani ya fremu kuukuu kwa sababu ni haraka na bei inashuka. Pamba nyeusi yote inabaki pale pale nyuma, nawe umelipia kioo kizuri ndani ya ukuta unaovuja, na kioo chenyewe kimekuwa kidogo.

Kizingiti cha chini kiwe na mteremko kidogo kwenda nje, kifunikwe utando unaonata unaopanda pembeni. Kisha utando wa ubavuni, mwisho wa juu. Ni kama mabati ya paa tu: unaanzia chini, kila linalofuata linalalia la chini yake, maji hayapati pa kuingilia. Mtu akianza juu, mwambie ashuke ngazi.

Ukingo wa chini upande wa nje usizibwe kwa silikoni. Hili hugombanisha watu. Mwenye nyumba huona mwanya, huuziba kwa nia njema, na maji yaliyoingia kwa bahati mbaya yanakosa njia ya kutokea, yanaganda, yanapasua. Vile vitundu vidogo chini ya fremu pia ni vya maji, usivizibe.

Uzuiaji wa hewa ufanyike upande wa ndani, kamili, bila kuacha pembe. Kuta za huku zina karatasi ya plastiki upande wa joto ya kuzuia mvuke. Ni lazima iungane na fremu ya dirisha, isiishie hewani nyuma ya mbao za mapambo.

Kabari ziwekwe chini ya pembe na kwenye bawaba, fremu ipimwe kwa pimamaji, na ulalo upimwe pande mbili. Ukitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi, dirisha litakuja kukataa kufunga, na huku dirisha huchagua usiku wa -35 kukataa.

Kufunga madirisha Januari kunawezekana, moja baada ya jingine, kwa foamu na gundi za baridi. Lakini utando haunati vizuri kwenye mbao zenye barafu, na PVC, plastiki ya fremu, hupasuka kwa pigo dogo. Ukiweza kungoja Mei, ngoja.

Dirisha limegoma kufunguka

Usilazimishe mkono wa kuzungushia. Meno ya ndani ni laini, yatasagika. Usimwage maji moto, kioo kitapasuka. Pasha ukingo kwa mashine ya kukaushia nywele, ukiisogezasogeza, kisha kausha na upake mpira mafuta ya silikoni. Halafu rudi kwenye kipimo cha unyevu na udi, maana maji yaliyoganda pale yalitoka mahali.

Chumbani pa kulala jambo hili si la kuahirisha. Kanuni ya Taifa ya Majengo ya Kanada inataka chumba cha kulala kwa kawaida kiwe na dirisha linalofunguka bila ufunguo wala kifaa, uwazi wake usipungue mita ya mraba 0.35 na upande wowote usiwe chini ya milimita 380, ili mtu atoke moto ukizuka. Nimekuta besimenti ambamo vijana wanne wanalala, na dirisha pekee limepigwa skrubu "lisilete baridi". Nilizitoa skrubu zile kabla sijasalimiana na mtu. Mpangaji ambaye dirisha lake haliwezi kufunguka amwandikie mwenye nyumba, aweke nakala; Manitoba kuna ofisi ya serikali ya mambo ya upangaji inayopokea malalamiko ya aina hiyo.

Ukifika mahali pa kununua

Baada ya yote hayo, madirisha mengine kweli yamekwisha. Kwa Winnipeg na kaskazini yake mimi nasema vioo vitatu, na sibishani. Tazama namba U, kipimo cha joto linalopotea kupitia dirisha, kwenye karatasi iliyobandikwa: ndogo ndiyo nzuri. Tangu 2020, ili dirisha lipate nembo ya Energy Star Kanada, ile ya bidhaa zisizopoteza nishati, namba U isizidi 1.22 au alama ya ER (alama ya jumla ya nishati, kubwa ndiyo nzuri) ifike 34. Vioo vitatu vizuri hushuka chini ya hapo bila shida.

Fremu: alumini tupu hapana. PVC ni nzuri kwa bei yake, ila hunywea sana. Kipande cha mita 1.5 kikipoa kwa nyuzi 50 hupungua kama milimita 5, wakati kioo cha urefu huo hakipungui hata milimita 1. Ndiyo maana utasikia milio ya kukatika usiku; hayo si mashetani. Faibaglasi hunywea karibu sawa na kioo, ni ghali zaidi, na kwa dirisha kubwa ningeilipia.

Madirisha yasiyofunguka ni yenye joto zaidi na bei nafuu. Si lazima kila moja lifunguke. Upande wa kusini chagua kioo kinachoruhusu jua kuingia, namba yake ya joto la jua, yaani sehemu ya joto hilo inayopita, iwe kama 0.4 au zaidi ukiipata, kwa sababu jua la baridi la Winnipeg liko chini na siku za mbingu safi ni nyingi. Magharibi punguza, Julai itakukumbusha.

Na kuna mtego mmoja. Wauzaji wengine huongeza mpako kwenye uso wa kioo unaotazama chumba. Namba U inashuka, karatasi inapendeza, lakini mpako huo huzuia joto la chumba kukipasha kioo, kwa hiyo uso wa ndani unakuwa baridi zaidi na unalia mapema zaidi. Kwa nyumba yenye watu saba na sufuria ya maharage, kataa.

Dirisha likishafika, kabla ya kutia saini, subiri giza, zima taa, washa mshumaa karibu na kioo. Kila kioo hurudisha miali miwili, kwa hiyo vioo vitatu vitakuonyesha sita, imejipanga kwa jozi. Mwali wenye rangi tofauti na wenzake, wa samawati au mwekundu kidogo, ndipo mpako ulipo. Hesabu. Ukiona minne, umeletewa vioo viwili. Ukiona sita yote ya rangi moja, mpako haupo. Na mwali wa kwanza kabisa, ulio karibu na mkono wako, ukiwa ndio wenye rangi tofauti, mpigie muuzaji asubuhi kabla fundi hajafungua kopo la foamu.